Unakwenda kwa Nani?

Mwezi wa tisa, Mungu akipenda, nitachukua siku nane za likizo niende Uswisi kupanda treni. Siendi semina, siendi arusi, na sina ndugu huko. Nakwenda peke yangu, kukaa dirishani na kutazama milima ikipita. Naliandika waziwazi hapa mwanzoni kwa sababu kwa miezi miwili nimekuwa nikilieleza kwenye simu, na nimeona kwamba kila likielezwa kwa kuzungukazunguka linazidi kusikika kama jambo baya.

Mama yangu yuko Korogwe. Nilipomwambia hakuuliza bei, wala hakuuliza hatari. Aliuliza, "Unakwenda kwa nani?" Nikamjibu siendi kwa mtu. Akanyamaza kidogo, kisha akarudia kwa upole zaidi, kama vile labda simu haikusikika vizuri: "Sasa mwanangu, utafikia kwa nani?"

Ninyi mnaosoma safu hii mko Muscat, Birmingham, Minneapolis, na nyote mnalijua swali hilo. Kwetu safari ina mwenyeji. Mtu anakwenda kwa shangazi, kwa mjomba, msibani, mahari, kumwona mgonjwa, kumaliza kiwanja. Hata sisi tuliovuka bahari tulifikia kwa mtu. Mimi mwenyewe mwaka 2005 nilifikia kwenye kochi la binamu yangu hapa Leicester na nikalala hapo miezi mitano. Tangu mwaka huo likizo zangu zote zimekwenda nyumbani, na nikizihesabu naona misiba, arusi na ujenzi. Sijuti hata moja. Lakini hakuna iliyokuwa ya kukaa tu.

Kaka yangu alikuwa mkali kuliko Mama. "Hela ya kuangalia milima ipo, ya paa haipo?" Nilimjibu kwa hesabu. Fungu la mabati linatoka kila mwezi kwenye mshahara kama tulivyokubaliana, na paa litaezekwa Desemba. Hela ya treni ni zamu moja ya ziada ya usiku kwa kila mwezi, tangu Januari ya mwaka jana, katika akaunti yake peke yake. Sikuipunguza kwa mtu. Hakufurahi, ila hesabu hakuipinga. Nalisema hili kwa ajili ya wenzangu wanaotamani safari ya namna hii na kuogopa simu ya kaka: tenganisheni akaunti kabla ya kutangaza safari, ili mkiulizwa muwe na karatasi ya kuonyesha. Maneno matupu kwenye mambo ya hela ya nyumbani hayamshindi mtu.

Baba watoto haji. Anaogopa vimo, hata daraja la waenda kwa miguu pale kituoni kwetu analivuka akitazama viatu vyake. Ndiye aliyesema, "Nenda wewe, mimi nitapika." Tuone.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe.

Wengi wakisikia Uswisi na treni wanafikiria treni mbili maarufu za mapaa ya vioo. Moja ni Glacier Express, inayotoka Zermatt kwenda St. Moritz kwa saa nane hivi, ikivuka madaraja 291 na kupita mahandaki 91, na kwenye kilele cha Oberalp hufika mita 2,033. Wenyewe huitangaza kwa utani kama treni ya haraka iliyo ya polepole kuliko zote duniani. Ya pili ni Bernina Express, kutoka Chur hadi Tirano, mji mdogo wa Italia. Saa nne na ushei, madaraja 196, mahandaki 55, na hupanda hadi mita 2,253 pale Ospizio Bernina. Zote mbili ni nzuri, na zote mbili lazima uweke nafasi ya kiti na kuilipia pembeni, hata kama una pasi ya kusafiria nchi nzima.

Jambo ambalo matangazo hayalisemi kwa sauti ni kwamba treni za kawaida zinapita reli ile ile. Daraja ni lile lile, korongo lile lile, na mlima haujui umepanda nini. Kutoka Chur kwenda St. Moritz kuna treni ya kawaida kila saa, nayo huchukua saa mbili hivi. Kutoka St. Moritz kwenda Tirano hali kadhalika. Huhitaji kuweka nafasi, unapanda tu na tiketi yako. Baadhi ya mabehewa hayo yana madirisha yanayofunguka, wakati vioo vya treni za kitalii vimezibwa na picha zako zote zitatoka na mwanga wa taa na uso wako mwenyewe ndani yake. Zaidi ya yote unaweza kushuka. Ukiipenda stesheni, unashuka, unakaa saa nzima, unapanda inayofuata. Kwenye treni ya kiti cha namba huwezi.

Mimi nimeshachagua pa kushukia: Alp Grüm, mita 2,091, stesheni iliyoning'inia juu ya bonde, na mbele yake mto wa barafu wa Palü. Nitashuka na chupa ya chai. Saa moja baadaye treni nyingine itanishusha hadi Tirano, ambako ni mita 429 tu juu ya usawa wa bahari. Yaani ndani ya asubuhi moja mtu anatoka kwenye barafu anaingia kwenye joto la mizabibu, na njia nzima treni inashika reli kwa magurudumu yake tu, bila reli ya meno katikati, kwenye mteremko unaofika asilimia saba. Kabla ya Tirano, pale Brusio, reli inajizungusha kwenye daraja la duara, treni inapita chini ya mahali ilipopita dakika moja nyuma, ili tu ipate kushuka bila kuporomoka. Njia hii ya Albula na Bernina iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008.

Na kuna daraja la Landwasser, kabla ya stesheni ya Filisur ukitokea Chur. Lina kimo cha mita 65 na urefu wa mita 136, limejengwa kwa mawe, lilikamilika mwaka 1902, nalo limepinda na kuishia moja kwa moja kwenye mdomo wa handaki katika ukuta wa jabali. Kaeni behewa la nyuma. Likipinda mtaona kichwa cha treni yenu kikiingia mlimani wakati ninyi bado mko hewani.

Tabia ya safari ya peke yako ni kwamba kila uamuzi ni wako, na hilo linachosha kuliko mizigo. Ndiyo maana sikutaka kuhama hoteli kila siku. Nimechagua miji mitatu tu. Chur usiku tatu, Brig usiku mbili, Spiez usiku mbili. Hakuna hata mmoja ulio kwenye kadi za posta, na ndiyo sababu vitanda vyake ni nafuu kuliko vya St. Moritz, Zermatt na Interlaken, ilhali treni zinaondoka hapo asubuhi na kukurudisha jioni. Chur wanauhesabu kuwa mji mkongwe kuliko yote Uswisi, na kutoka hapo kuna treni ya Arosa ambayo huanza kwa kutembea barabarani katikati ya mji, sambamba na magari, kisha inapanda milimani kwa saa moja. Hiyo nimeiwekea siku ya tatu, siku ya kutofanya jambo kubwa.

Siku ya nne ndiyo ya kuhama: Chur hadi Brig, kwa njia ile ile ya Glacier Express, lakini kwa treni za kawaida, nikibadilisha Disentis na Andermatt. Mwanzoni reli inafuata Mto Rhine ukiwa bado mchanga, ndani ya korongo la kuta nyeupe liitwalo Ruinaulta, mahali ambapo barabara ya magari haiingii. Kisha Oberalp. Kisha handaki la Furka. Kabla ya handaki hilo kufunguliwa mwaka 1982 treni zilipanda juu ya mlima wenyewe, na kila majira ya baridi njia ilifungwa kwa theluji.

Siku ya sita nitatoka Brig kwenda Spiez, na hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu ndipo mahali wageni wengi wanapopoteza kile walichokilipia. Programu ya simu ya reli za Uswisi, SBB, ni nzuri mno, nami sina programu nyingine niliyoizoea kama hiyo kwa sasa. Lakini inadhani una haraka. Ukiandika Brig na Spiez, itakupeleka kwenye handaki la chini la Lötschberg, lililofunguliwa mwaka 2007, lenye urefu wa kilomita 34.6. Utakaa gizani, utatoka, basi. Njia ya zamani ya juu, ya mwaka 1913, bado ipo na ina treni zake, inapanda ubavuni mwa mlima ukilitazama bonde la Mto Rhone chini kabisa. Ili uipate, kwenye sehemu ya kuandika mahali pa kupitia, andika Kandersteg.

Gotthard nako ni vivyo hivyo. Handaki jipya la mwaka 2016 lina kilomita 57, na ni fahari ya wahandisi wao, ila ndani yake hakuna cha kuona. Andika Göschenen, utapelekwa kwenye njia ya zamani, ambako reli inajizungusha ndani ya milima ili kupata kimo, na kanisa dogo la Wassen linaonekana mara tatu: kwanza liko juu yako, kisha usawa wako, kisha chini yako. Sikuliweka kwenye safari yangu kwa kukosa siku. Mwenye siku moja tu kutoka Zürich alifikirie.

Katikati, siku ya tano, nitakwenda Zermatt kutazama Matterhorn. Mji hauruhusu magari ya kawaida. Unafika kwa treni. Mlima wenyewe una mita 4,478. Watoto wangu walicheka nilipowaambia kwamba Mlima Kenya unaushinda, na Kilimanjaro ndiyo usiseme. Lakini wetu hauna treni, na huu ndio mpango wangu na goti langu la kushoto. Kutoka Zermatt kuna treni ya meno ya Gornergrat, ya mwaka 1898, inayokufikisha mita 3,089 kwa nusu saa hivi. Wenye presha au moyo waulize daktari kwanza. Pale juu mtu anafika kabla mwili haujajua ameondoka. Jungfraujoch, yenye stesheni ya mita 3,454, sikuiweka. Ni ghali hata baada ya punguzo la pasi, na kwa hela hiyo napata usiku mwingine wa kulala.

Kuhusu tiketi kuna watu watakwambia nunua hiki, wengine kile. Fanya hesabu yako. Andika safari zote unazokusudia, tafuta nauli kamili ya kila moja kwenye programu ya SBB, jumlisha. Kisha linganisha njia tatu. Swiss Travel Pass, ambayo huuzwa kwa siku 3, 4, 6, 8 au 15, inakupa treni, mabasi, meli za maziwani na makumbusho zaidi ya 500. Half Fare Card ya mwezi mmoja inakukatia nauli karibu zote nusu. Na kuna tiketi za siku za bei ya mapema, ambazo hupanda kadiri tarehe inavyokaribia, kwa hiyo zinamfaa mwenye uhakika wa siku zake. Kwangu mimi pasi ya siku nane imeshinda kwa tofauti ndogo sana. Nimeichukua hasa kwa sababu nyingine: kwa miaka yote hii kila kitu nakihesabu, mkate nahesabu, basi nahesabu, nauli ya kwenda kumwona mgonjwa nahesabu. Kwa siku nane nataka nipande na kushuka bila kufungua pochi. Tembea na pasipoti, kwa sababu mkaguzi anayeikagua pasi ya treni anaweza kuiomba.

Wenye familia: mtoto wa chini ya miaka 16 akiwa na mzazi mwenye pasi husafiri bure kwa kadi ya familia, na kadi hiyo haiuzwi, unaiomba tu. Wanafunzi: asiyefika miaka 25 hupata pasi kwa punguzo la asilimia 30, na hosteli za vijana zina vyumba vya wanawake peke yao. Wala si lazima uwe kijana kulala humo. Usiku zangu mbili za Spiez zitakuwa za hosteli ya jirani yake.

Viza sasa. Sisi wenye pasipoti ya Tanzania tunajua: sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, hivyo wengi tumekaa huku miaka ishirini na pasipoti yetu ni ile ile, na kila tukitaka kuvuka kwenda Ulaya tunapanga foleni. Uswisi haimo katika Umoja wa Ulaya lakini imo katika Schengen, na viza moja inakutosha Ufaransa unapopita, Uswisi unapokaa na Italia unaposhuka Tirano. Omba kwa nchi utakayokaa siku nyingi, na uombee pale unapoishi kihalali, hata kama ni Muscat au Dubai. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasipungue siku kumi na tano kabla. Ada ya mtu mzima ni euro 90. Bima ya matibabu ifike angalau euro 30,000. Pasipoti iwe hai miezi mitatu baada ya siku ya kutoka. Barua ya mwajiri itaje tarehe ya kurudi kazini. Mwanafunzi atafute barua ya chuo, na ahakikishe kibali chake cha kuishi hakiishi karibu na safari.

Nilipofika kwenye fomu yenyewe nilicheka peke yangu jikoni. Iko sehemu inayotaka jina la mtu aliyekualika, na kama hakuna, jina la hoteli. Nao wanauliza, unakwenda kwa nani? Tofauti yao na Mama ni kwamba wao wanaridhika na hoteli. Niliambatanisha ratiba ya karatasi moja, kila siku na treni yake na mahali pa kulala, na afisa aliyepokea makaratasi aliisoma yote kabla ya kuniuliza lolote. Aliniuliza tu kwa nini peke yangu. Nikamwambia mume wangu anaogopa vimo. Viza ilitoka baada ya siku kumi na moja.

Nitaondoka Leicester alfajiri, London hadi Paris kwa Eurostar. Polisi wa Ufaransa hukagua pasipoti pale pale London kabla hujapanda, kwa hiyo ukishuka Paris umeshaingia. Kutoka Gare du Nord hadi Gare de Lyon ni vituo viwili vya treni ya mjini, lakini nimejipa saa mbili, kwa kuwa sitaki kukimbia na begi. Halafu saa nne hivi hadi Zürich, na saa moja na robo hadi Chur. Kuna ndege, ndiyo, na mara nyingine ni nafuu. Ila mimi nimetoka kupanda treni.

Begi ni moja, na kipimo chake ni hiki: uweze kulinyanyua mwenyewe juu ya kichwa chako. Huna mtu wa kumwambia nishikie. Stesheni kubwa zina makabati ya kufungia mizigo. Mabango ya rangi ya njano ni ya treni zinazoondoka, meupe ni ya zinazofika. Gleis ni jukwaa la treni kwa Kijerumani, voie kwa Kifaransa, binario kwa Kiitaliano, nawe utayakuta yote matatu. Ukiona muda wa kubadilisha treni ni dakika tano usishtuke. Ratiba yao imepangwa treni zingojane, zikutane stesheni kubwa karibu wakati mmoja, na mara nyingi nyingine iko upande wa pili wa jukwaa hilo hilo. Ikikupita, kuna inayofuata, kwa kawaida ndani ya saa moja.

Chakula cha hotelini kule kitakutoa machozi. Kula kwa mtindo wa wenyeji: ingia Coop au Migros, nunua mkate, jibini, matunda, kula garini, hakuna anayekutazama. Maji ya bomba na ya chemchemi za mitaani ni ya kunywa, isipokuwa palipoandikwa Kein Trinkwasser. Jumapili maduka mengi hufungwa, yaliyo ndani ya stesheni kubwa huwa wazi. Asiyekula nguruwe ayashike maneno matatu: Schwein, Schinken na Speck. Hili la mwisho hujificha hata kwenye viazi vya kukaanga. Na sambusa za nyama ziacheni nyumbani. Kutoka Uingereza kuingia Ulaya hairuhusiwi kubeba nyama wala maziwa. Chapati kavu nitabeba.

Hela yao ni faranga, Tirano ni euro. Kifurushi cha simu kinachosema Ulaya huenda kisiihesabu Uswisi, muulizeni mtoa huduma kabla, maana bili yake nimeisikia kwa watu. Namba za dharura ni 144 kwa gari la wagonjwa, 117 kwa polisi, na 112 pia hufanya kazi. Ukirudi kutoka Tirano maafisa wa mpaka wanaweza kupita ndani ya behewa, nawe ukiwa mweusi peke yako usishangae wakianza na wewe; pasipoti iwe mkononi, si chini ya begi, na jibu kwa utulivu.

Ile ratiba ya karatasi moja nimeitoa nakala tatu. Moja ya baba watoto, moja ya binti yangu, na moja nimempigia picha mjukuu wa jirani pale Korogwe amsomee Mama. Tumekubaliana kila jioni nikifika nilipolala natuma ujumbe wa neno moja, jina la mji. Mama alisikiliza ratiba yote, na ilipofika mahali pa treni sauti yake ikabadilika. Alipokuwa msichana alipanda treni ya kwenda Moshi, akakaa dirishani tangu Korogwe, Mombo, Same, Milima ya Usambara na ya Pare ikimfuata upande mmoja. Sijawahi kumsikia akiisimulia. Alikwenda kwa shangazi yake, ndiyo, lakini shangazi hakumtaja tena, alisimulia dirisha. Kisha akaniuliza, "Na huko vituoni wanauza nini?" Nikamwambia hakuna anayeuza kitu dirishani, hakuna machungwa, hakuna mayai ya kuchemsha, treni inasimama dakika moja na kuondoka. Akasema, "Basi beba chakula."

Glacier Express na hata baadhi ya hoteli za milimani hupumzika kuanzia katikati ya Oktoba hadi katikati ya Desemba, kwa hiyo anayetaka kunifuata mwaka huu asichelewe sana, na kabla ya kulipa aangalie kwenye programu kama njia yake ina matengenezo siku hizo. Wenye maswali waniandikie kabla ya tarehe 5 Septemba. Baada ya hapo nitakuwa garini.